Kivuli cha Dunia cha Mwezi Machi

Yambol, 9 Januari

Kaka Lyuben,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu tangu wale maofisa wawili wanihoji sina imani tena na simu wala kompyuta, na huko kwako mlimani simu huachwa getini. Posta yenu naiamini. Ndiyo inayoniletea kadi zako.

Mimi mzima. Kazi yangu sasa ni kukagua mizani ya malori. Naenda ghala hadi ghala na vyuma vya uzito unaojulikana, navipandisha juu ya mizani, naandika kama inasema kweli. Mwanamke aliyeandika programu ya kulijulisha jeshi kwamba setilaiti fulani imehama njia yake huko juu, leo anahakikisha wakulima hawapunjwi alizeti. Wenye maghala hunikaribisha kahawa. Hawajui mimi ni nani, na hilo ndilo zuri la kazi hii.

Baba tulimzika Novemba. Ulikuja, ukabeba jeneza, sitasahau. Lakini hukuuona mwaka wake wa mwisho. Mtu aliyeongoza ishara za treni miaka thelathini na minne, kila Jumapili akicheza karata na wenzake wale wale kwenye mkahawa wa Dolna Breza, ghafla hatoki nje. Nikimuuliza, anasema mguu unamsumbua. Wiki moja kabla hajafa akaniita kitandani. Akasema, "Neva, uliwauzia nini?" Hakuuliza kama niliuza. Aliuliza nini.

Najua ni Asparuh, mwenzangu wa kampuni, aliyeandika ile barua ya uongo juu yangu kwa idara ya usalama, kwamba nauza siri. Nani mwingine alifaidika? Mlangoni pa kampuni yetu paliandikwa Vrachev, yaani yeye, na Karadzhova, yaani mimi. Niliponyang'anywa kibali cha kazi za siri, wiki mbili hazikuisha, ubao ukabaki na Vrachev peke yake. Kumi na mmoja nyinyi, na hakuna aliyefungua mdomo. Wewe tu ulinipigia simu.

Sasa nisikilize. Nimesikia Wizara ya Ulinzi inatuma kamati kuujaribu mtambo, kati ya Machi na Mei, na tarehe itafuata hali ya hewa. Maana yake itafuata neno lako, mtunza darubini. Nakuomba jambo moja: waambie Mei kuna mawingu. Waambie waje tarehe ishirini Machi.

Neva


Kituo cha darubini, 21 Januari

Neva mdogo wangu,

Barua imefika ikiwa imelowa, mtu wa posta aliangushwa na theluji. Mke wangu Penka anakusalimu. Amekuwekea chupa mbili za ajvar, ile rojo ya pilipili hoho, anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu mazishi.

Huku panya wamekula waya za feni. Nimeziba tundu kwa pamba ya chuma, wamepita pengine. Kuba limeganda, nalipasha moto kwa hita ya banda la kuku ndipo lifunguke. Hayo ndiyo makao ya teknolojia ya ulinzi wa anga. Wizara ingeniona na hita ile ingelia machozi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Machi ishirini kuna nini? Kama unataka kuharibu kitu, mimi sitashika bisibisi kwa kazi hiyo. Nina miaka miwili nifikie pensheni. Na wale wafanyakazi wengine hawana kosa.

Lakini baba yako nilimbeba begani. Nieleze kwanza.

Kaka yako,
Lyuben


Yambol, 2 Februari

Kaka Lyuben,

Hutashika bisibisi. Hakuna wa kugusa chochote.

Unakumbuka setilaiti zile mbili tulizoziita mapacha, zinazokaa karibu sana, moja ya washirika wetu na moja ya wale tusiowapenda? Mwaka mzima jua linaziangaza na darubini inaziona kama nukta mbili. Mwezi wa tatu, wiki chache tu, dunia inapita kati yao na jua. Zinaingia kwenye kivuli chetu, zinapotea zaidi ya saa nzima, halafu zinatokea tena. Programu yangu haijui nani ni nani zikitokea. Inakisia. Nilikuwa nimeanza kuandika sehemu ya kuirekebisha wakanitoa mlangoni na sanduku la vitabu. Kila mwaka baada ya hapo mmejaribu kiangazi, anga likiwa safi na kivuli hakuna. Asparuh hajui. Kichwa kimemvimba kiasi kwamba hakuwahi kusoma kazi yangu hadi mwisho.

Mimi sifanyi lolote. Nanyamaza tu, kama walivyoninyamazia.

Unasema wenzako hawana kosa. Siku ile natoka, Asparuh alisimama dirishani akinitazama navuka uwanja. Nyuma yake walisimama wote. Nilihesabu vichwa. Kwa hiyo usiniambie habari ya kosa.

Ukikataa sitakulaumu. Ila useme wazi, usinizungushe.

N.


Kituo cha darubini, 24 Machi

Neva,

Yametokea.

Niliwaambia Machi, wakakubali. Walikuja watano, na kanali mmoja mwembamba aitwaye Tsolov aliyekataa kuvua koti. Asparuh alivaa tai ile nyekundu. Alileta na mikate ya jibini kutoka Plovdiv, akaigawa mwenyewe kama bibi harusi.

Mwanzo kila kitu kilikwenda vizuri. Mapacha walionekana, majina yao pembeni. Wakaingia kivulini. Asparuh akatumia muda ule kueleza jinsi kampuni ndogo inavyoweza kufanya kinachowashinda wakubwa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango.

Wakatoka kivulini. Skrini ikawa nyekundu. Ikaandika kwamba setilaiti ya washirika imeacha nafasi yake na ile ya wengine imeingia mahali pake. Kanali akasimama. "Hii ni kweli?" Asparuh akajibu bila kupepesa, "Mheshimiwa, mtambo haukosei." Alisema hivyo kwa sauti kubwa. Kanali akaenda kwenye simu ya mezani, akawapigia wenye setilaiti yao. Tukamsikia, "Ndiyo. Ndiyo. Ipo hapo hapo? Tangu lini? Tangu siku zote." Akaweka simu taratibu. Akamwambia Asparuh, "Bwana Vrachev, umetaka nimwamshe jenerali kwa ajili ya nukta mbili zilizobadilishana viatu." Mmoja wao akacheka. Wakaondoka hata chai hawakumaliza.

Asparuh alikaa kwenye kiti changu mpaka kulipokucha. Mikate ikabaki mezani. Mkataba umekwenda. Saba wameambiwa wasirudi, nami nabaki mpaka kuba lipate mnunuzi.

Uliyoyataka yamekuwa. Sasa lala.

Lyuben


Yambol, 1 Aprili

Kaka Lyuben,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye mizani ya ghala, nikasoma tena pale pa viatu, nikacheka mpaka mwenye ghala akatoka kuangalia. Kilo zangu zilikuwa zinaruka kwenye kioo cha mizani. Miaka miwili sikucheka hivyo.

Nimempelekea Asparuh mstari mmoja: "Kivuli cha dunia, nilikuwa nakijua." Sikuweka sahihi. Mwandiko wangu anaujua.

Hao saba nitawaonea huruma kesho. Leo sina nafasi.

Neva


Plovdiv, 15 Aprili

Bibi Karadzhova,

Nimepokea mstari wako. Hongera. Nasema hivyo bila kejeli, kwani kazi ilikuwa safi, kama kazi zako zote.

Kosa langu nitalikiri, maana sina tena cha kulinda. Maofisa waliniita wakaniambia nichague: wewe, au mkataba na ajira za watu kumi. Nikachagua. Nilipaswa kukupigia simu jioni ile ile, sikupiga, na nilisimama dirishani kwa sababu nilikosa ujasiri wa kushuka ngazi. Ubao niliuondoa kwa sababu sikuweza kupita chini ya jina lako kila asubuhi. Ukinichukia kwa hayo, unayo haki.

Lakini barua ile sikuiandika mimi. Walinionyesha. Ilikuwa na sahihi. Nilidhani na wewe ulionyeshwa, kumbe mstari wako umenijulisha kwamba hukujua. Inasema kwamba kwenye sherehe ya Mtakatifu Iliya, kituoni, ulionekana ukimkabidhi mgeni kutoka nje bahasha yenye ratiba yetu: siku gani tunaitazama setilaiti gani, na lini hatutazami. Imeandikwa na Lyuben Chakarov, mtunza darubini.

Nilimwacha kazini kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuishi kule juu. Huo nao ni uoga wangu.

Asparuh Vrachev


Yambol, 20 Aprili

Lyuben,

Asparuh ameniandikia. Sitarudia alichosema, unakijua kuliko mimi.

Ulibeba jeneza la baba yangu. Ulikula mezani kwetu baada ya mazishi, ukaomba uongezewe supu.

Andika. Yote, kwa mkono, utie sahihi. Nani alimpa mgeni ile ratiba.

N. Karadzhova


Kituo cha darubini, 2 Mei

Neva,

Wiki nzima nimekuwa naanza barua hii na kuitia kwenye jiko.

Ni mimi niliyempa. Jina lake Jernej, Mslovenia, mtu wa kupiga picha za anga kwa kujifurahisha. Alikuwa na darubini aliyojitengenezea, akalala kwenye hema hapa chini mwaka ule. Tulipatana. Alitaka kupiga picha tunazopiga sisi, saa ile ile, alinganishe. Nikamnakilia ratiba. Niliona kama mtu anayempa jirani mbegu. Hakulipa kitu, alinipa kisu cha mfukoni. Miezi minne baadaye ratiba ikaonekana kwenye mtandao wa wapenda nyota, dunia nzima inaisoma.

Gari lilipoingia uwanjani na wale wawili wakashuka, nilijua. Wewe ni mdogo, hujui gari la namna ile lilivyokuwa linafika nyumbani kwa watu zamani na mtu anaondoka nalo. Mmoja akauliza, "Siku ya sherehe nani aliongea na mgeni?" Kweli uliongea naye, ulimpa bahasha, ilikuwa na picha za sherehe. Niliiona. Nikasema, "Karadzhova alimpa bahasha." Nikasema hilo tu. Akasema, "Andika." Halafu akanisaidia kuandika yaliyobaki.

Nilidhani watakuuliza, utasema ni picha, itaisha. Haikuisha. Kila siku ikawa ngumu zaidi kusema. Ulipomlaumu Asparuh nilishukuru Mungu, ndiyo, nilishukuru. Na uliponiomba Machi nilifanya kwa sababu nilitaka mwenye kosa awe yeye.

Karatasi ya pili ndiyo uliyoitaka, yenye sahihi na tarehe. Penka hajui. Nakuomba hilo moja.

Lyuben Chakarov


Yambol, 12 Mei

Lyuben,

Nimepata karatasi zote mbili.

Umeniomba kitu, basi ngoja nikuambie bei yake, kwa sababu sasa mwenye mizani ni mimi. Jumapili tarehe kumi na moja Juni utakwenda Dolna Breza. Mkahawa uko mkabala na kituo cha treni. Meza ya dirishani hukaa Mitko mwenye duka la mbegu, Gancho, na ndugu wawili wa kwa Peev, wacheza karata wa baba. Utasimama mbele yao usome yote uliyoniandikia, nakala nimekuwekea humu, neno kwa neno, na pale pa shukrani kwa Mungu usiruke. Wao ndio waliompa baba mgongo. Wasikie ni kwa ajili ya nani.

Mimi sitakuwepo. Siwezi kukaa chumba kimoja na wewe.

Ukifanya hivyo, karatasi haitakwenda kwa mwendesha mashtaka, na Penka hatasikia kwangu. Usipofanya, itakwenda Jumatatu yake.

N.K.


Yambol, 9 Juni

Lyuben,

Leo Ijumaa nimeipeleka karatasi kwa mwendesha mashtaka. Imepigwa muhuri, imepewa namba.

Nilikuahidi, najua. Usiku wote wa wiki hii nimejaribu kutimiza ahadi na imenishinda. Naona mkono wako kwenye jeneza. Naona ile supu. Utakapokuwa umesimama mkahawani ukisoma, utakuwa unadhani unalipia kitu, na kitakuwa kimekwisha kuchukuliwa. Nimetaka uonje hilo. Mimi nililionja miaka miwili: kujieleza mbele ya watu ambao tayari wameamua.

Barua hii utaikuta Jumatatu. Nimehesabu.

N. Karadzhova


Dolna Breza, Jumapili 11 Juni

Neva,

Nakuandikia hapa hapa mkahawani, treni ya kurudi ni saa kumi na moja. Karatasi nimeomba kwa mwenye mkahawa, ndiyo maana ina mistari ya bili.

Nimesoma. Sikuruka neno. Nilianza nikiwa nimesimama, pale pa kisu nikapoteza mstari, Gancho akanisukumia kiti kwa mguu, nikakataa kukaa. Nilipomaliza nilikunja karatasi. Nikangoja matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Mitko ndiye aliyeanza, akimtaja baba yako. Akasema, "Kwa hiyo Stamen alikuwa na haki ya kunipiga."

Nikauliza alimpiga vipi. Wakatazamana. Mmoja wa kwa Peev akaniambia, nami nakuandikia alivyosema. Ilikuwa majira ya kuchipua mwaka juzi, habari zako zilipofika. Mitko alitupa karata akasema, "Haya Stamen, leo unatununulia wewe, binti anavuna pesa za nje." Utani tu, wa kijinga. Baba yako akasimama, akamzaba kofi mpaka miwani ikaruka chini ya meza. Akasema, "Binti yangu akiandika kitu, kimeandikwa vizuri, na ni cha nchi hii." Akachukua kofia akaondoka. Walimfuata nyumbani mara tatu kumwomba radhi. Hakufungua. Aliwaambia kupitia mlangoni kwamba atarudi kucheza siku Mitko atakapokuja kukuomba radhi wewe. Na Mitko aliona haya kukupigia.

Hawakumpa mgongo, Neva. Yeye ndiye aliyewapa.

Niliwauliza basi kwa nini akakuuliza swali lile kitandani. Gancho alisema mwezi wa mwisho jirani alimfungulia mlango akaingia, na baba yako hakuwa anajua aliye mbele yake. Alimuuliza hata yeye, Gancho, aliuza nini, kisha akadai kwamba yeye mwenyewe ameirudisha nyuma treni ya Burgas kwa mkono. Sijui. Nakupa kama nilivyopewa. Usichukue kwamba najitetea, mimi ndiye niliyeleta habari iliyofika mezani pale.

Mitko analia, mtu mzima, na soda yake imeisha gesi. Anasema atakuja Yambol Jumamosi, umwambie mlango upi.

Penka nitamwambia mwenyewe leo. Nimeona hapa kwamba mtu anaweza kusema na akabaki amesimama. Kesho Jumatatu nitashuka posta, kisha nipande kuosha kioo cha darubini, mnunuzi anakuja kukiangalia. Nimekuwa mwepesi kwa namna ambayo sistahili.

Lyuben


Yambol, 16 Juni

Lyuben,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu utakuwa umeisoma Jumatatu, yako nimeisoma Jumanne, jikoni, nikiwa na koti bado.

Jumatano niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa mwendesha mashtaka. Nilisema nataka karatasi yangu. Karani, binti mwenye kucha za kijani, akaniambia, "Mama, hapa kinaingia, hakitoki. Ukitaka unaongeza." Nilikaa kwenye benchi la korido kwa muda wa karibu saa mbili. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Mtu wa usafi alipita mara mbili akaniomba niinue miguu.

Watakuita wiki ijayo. Tafuta wakili, na usiandike chochote mtu akikusaidia kuandika.

Sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na sisi wawili tumeshadanganyana vya kutosha. Asparuh ameniomba nirudi kuimalizia ile sehemu ya kivuli kwa ajili ya mnunuzi. Nimemwambia nitaimaliza, lakini wale saba warudi kwanza, na yeye asiwe dirishani.

Mitko anakuja kesho. Nimenunua kahawa. Sijui nitamwambia nini, nitamwacha aseme yeye.

Nimeongeza barua yako ya mkahawani kwenye jalada. Wakili niliyemuuliza hajui kama itakupunguzia au itakuzidishia. Nimewapa nakala. Ile ya mkono wako, yenye mistari ya bili, nimebaki nayo mimi, kwa sababu sina pengine ambapo baba yangu anaongea.

Neva